Kupimwa na kutibiwa mapafu bila kupasuliwa kifua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeambiwa "tutakuingizia kamera kwenye mapafu" au "tutakutoboa kidogo ubavuni", akarudi nyumbani na karatasi ya rufaa na maswali ambayo foleni ya kliniki haikumpa nafasi ya kuyauliza. Ni wa ndugu zake pia, maana mara nyingi wao ndio wanaochanga nauli, na wao ndio wanaomtia hofu. Hauchukui nafasi ya daktari anayekujua.

Bronkoskopi ni kitu gani hasa?

Ni kipimo cha kuangalia njia za hewa kwa ndani. Mpira mwembamba unaopindika, wenye unene wa milimita 5 au 6 na kamera nchani, hupitishwa puani au mdomoni, ukavuka kongomeo na kuingia kwenye koo la pumzi. Kutoka hapo daktari hufuata matawi ya njia ya hewa mpaka yawe membamba kiasi kwamba mpira haupiti tena. Ndani ya mpira kuna tundu. Kupitia tundu hilo hunyonywa makohozi, humwagwa maji ya chumvi na kuvutwa tena ili yapelekwe maabara, au hupitishwa koleo dogo la kung'ata kinyama, yaani kipande kidogo cha pafu cha kupeleka maabara.

Kifaa chenyewe kina umri. Mwaka 1897, mjini Freiburg, Ujerumani, Gustav Killian alitumia bomba la chuma lililonyooka kumtoa mkulima mmoja kipande cha mfupa kilichokwama kwenye njia ya hewa. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960 ndipo Shigeto Ikeda wa Tokyo akaleta mpira unaopindika, uliopitisha mwanga na picha kwa nyuzi za kioo. Bomba la chuma halijastaafu, kama utakavyoona kwenye swali la karanga.

Makohozi yangu hayakuonyesha TB lakini bado nakohoa. Sasa ni lazima kamera?

Si mara moja, na hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi bila sababu. Uliza kwanza kama kilichopimwa kilikuwa makohozi kweli au mate. Kisha uliza kilipimwa kwa njia gani. Hadubini peke yake huwakosa wagonjwa wengi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliidhinisha GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB, mwishoni mwa 2010, na toleo lake lenye nguvu zaidi, Ultra, mwaka 2017. Mashine hiyo hutoa jibu kwa takriban saa 2, na huonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa dawa ya rifampisini.

Asiyeweza kutoa makohozi anaweza kuvutishwa mvuke wa maji yenye chumvi nyingi mpaka akohoe kitu kinachofaa kupimwa. Katika kutafuta TB, njia hiyo ya bei ndogo hukaribiana sana na bronkoskopi, bila ganzi kooni na bila kitanda cha thieta. Kwa mtoto mdogo, maji huvutwa tumboni asubuhi kabla hajala, kwa sababu watoto humeza makohozi yao; siku hizi hata kinyesi hupimwa kwa GeneXpert.

Kamera huja baada ya hayo. Huja mapema zaidi pale eksirei au picha ya CT inapoonyesha sehemu moja ya pafu imeziba na kusinyaa, pale damu inapotoka bila sababu inayojulikana, au pale mgonjwa ana kinga dhaifu na daktari anashuku fangasi au nimonia isiyo ya kawaida.

Nimetumia dawa za TB kwa miezi, sijapata nafuu. Nifanye nini?

Rudi, na uulize swali moja bila kuona haya: je, vimelea vya TB viliwahi kuonekana kwangu, au nilianzishiwa dawa kwa eksirei na dalili tu? Kuanzishiwa dawa kwa dalili si kosa. Mara nyingine ndiko kunakookoa maisha. Lakini kikohozi, kukonda, homa za usiku na damu kwenye makohozi vinaweza kuwa vya TB, vya saratani ya mapafu, au vya magonjwa mengine yanayotia makovu. Katika ukanda wetu, ambako TB ni nyingi, ni jambo la kawaida mgonjwa wa saratani ya mapafu kutibiwa TB kwanza, na kufika kwa mtaalamu wakati uvimbe umeshasambaa.

Msimamo wangu ni huu: kozi ya pili ya dawa za TB isianze bila ushahidi wa vimelea na bila mtaalamu wa kifua kuangalia picha upya. Kinyama kimoja kilichochukuliwa vizuri kina thamani kuliko miezi sita mingine ya kubahatisha.

Inauma? Nitalazwa kwa nusukaputi?

Bronkoskopi ya kawaida hufanywa kwa ganzi ya kupuliziwa puani na kooni, pamoja na sindano ya kukutuliza. Unabaki unapumua mwenyewe, na wengi hawakumbuki mengi baadaye. Kinachosumbua zaidi ni hisia ya kupaliwa na hamu ya kukohoa, hasa ganzi inapotiririka kooni. Ladha yake ni chungu. Kipimo chenyewe huchukua nusu saa hivi, mara nyingine zaidi kidogo.

Chakula unaacha saa 6 kabla, maji meupe saa 2 kabla, isipokuwa hospitali yako ikupe saa tofauti. Ukimaliza, usile wala kunywa mpaka ganzi iishe kooni, kwa kawaida saa 2, la sivyo chai yenyewe itaingia njia ya hewa. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani. Bodaboda peke yako baada ya dawa ya kutuliza si wazo zuri.

Jambo ambalo wagonjwa husahau kusema ni dawa za kuzuia damu kuganda. Warfarini na klopidogreli huhitaji kusimamishwa siku kadhaa kabla kama kinyama kitachukuliwa, na anayeamua ni daktari, maana mwenye vali ya bandia ya moyo au stenti mpya (kimrija cha kuuacha mshipa wa moyo wazi) akijisimamishia dawa mwenyewe anaweza kupata janga kubwa kuliko kikohozi. Aspirini kwa kawaida huachwa iendelee. Mwenye kisukari aseme pia, kwa sababu atakuwa amekaa bila kula.

Hatari zake ni zipi?

Makohozi yenye michirizi ya damu kwa siku moja au mbili, sauti kukauka, na homa ya jioni ileile kama ulimwagiwa maji ya chumvi: hayo hutokea na hupita. Kutokwa damu nyingi ni nadra. Kinyama kikichukuliwa ndani kabisa ya pafu, hewa inaweza kuvuja na kulifanya pafu lisinyae. Hilo huwapata wachache, na baadhi yao huwekewa mpira kifuani wa kutoa hewa hiyo.

Watu huuliza pia kuhusu kuambukizwa na mpira uliotumiwa kwa mgonjwa mwingine. Swali ni la haki. Mpira huoshwa kwa mkono, kisha hulowekwa kwenye dawa kali au huingizwa kwenye mashine ya kuusafisha, na hatua yoyote ikirukwa uchafu hubaki kwenye lile tundu. Ipo sasa mipira ya kutumika mara moja na kutupwa, iliyopata umaarufu zaidi wakati wa UVIKO-19. Huruhusiwi tu kuuliza mipira yao inasafishwaje; ningependa kila mgonjwa aulize.

Daktari anasema nina tezi zilizovimba katikati ya kifua. Zinafikiwaje?

Zamani jibu lilikuwa kukatwa chini ya shingo, kwa nusukaputi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa Japani waliendeleza kamera yenye ultrasaundi nchani, inayojulikana kama EBUS. Kamera ikiwa ndani ya njia ya hewa, ultrasaundi inaonyesha kilichoko nyuma ya ukuta wake: tezi, mshipa wa damu, uvimbe. Daktari huchoma tezi kwa sindano nyembamba huku akiiona ikiingia. Hakuna mshono, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kwa saratani ya mapafu kipimo hiki kimebadili kazi nzima, kwa sababu tezi hizo ndizo zinazosema kama upasuaji bado una maana. Hugundua pia TB ya tezi na sakoidosisi, ugonjwa wa kuvimba tezi na mapafu ambao si TB wala saratani. Udhaifu wake ni saratani ya tezi zenyewe, limfoma: sindano hutoa chembe kidogo, na mtaalamu wa patholojia, anayesoma vinyama maabara, mara nyingi huhitaji kipande kikubwa zaidi. Jibu la "hakuna kilichoonekana" kwa mtu ambaye picha yake inatisha si mwisho wa safari.

Nina kivimbe pembeni ya pafu. Nimesoma kuhusu roboti. Nisafiri?

Roboti hizi ni za kweli. Marekani iliruhusu mbili za kwanza, Monarch mwaka 2018 na Ion mwaka 2019. Huongoza mpira mwembamba sana hadi kwenye matawi ya mwisho ya njia ya hewa, kwa kufuata ramani iliyochorwa kutoka picha ya CT. Kabla yake zilikuwapo njia za kuongoza kwa sumaku, bila mkono wa roboti.

Lakini sindano ya kupitia ubavuni, ikiongozwa na CT, ni ya miaka mingi na bado ina nguvu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2025 ulilinganisha njia hizi mbili kwa vivimbe vya milimita 10 hadi 30. Bronkoskopi ya kuongozwa kwa ramani ilitoa jibu sahihi kwa asilimia 79, sindano ya ubavuni kwa takriban asilimia 74. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye hewa kuvuja: asilimia 3 kwa kamera, asilimia 28 kwa sindano. Kwa hiyo faida ya teknolojia mpya ni usalama zaidi kuliko ujuzi wa kugundua. Kwa mtu mwenye mapafu yaliyoharibika tayari, usalama huo ni mkubwa. Kwa mwenye mapafu mazima na uvimbe unaogusa ukuta wa kifua, sindano ya ultrasaundi hapa nyumbani inatosha, na nauli ya kwenda ng'ambo ibaki kwa matibabu.

Tena, si kila kivimbe kinastahili kuchomwa. Kwetu vingi ni makovu ya TB ya zamani. Kivimbe kidogo kisichokua kati ya picha mbili zilizopishana miezi kinaweza kuachwa.

Mtoto alipaliwa na karanga, akakohoa sana, kisha akatulia. Imeisha?

Haijaisha mpaka ithibitishwe. Huu ndio mtego wenyewe: karanga ikishavuka koo la pumzi na kutulia upande mmoja, kikohozi hupungua na wazazi hushukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye mtoto anatibiwa pumu, au nimonia inayorudi palepale upande uleule. Karanga, mahindi na maharage havionekani kwenye eksirei, hivyo picha safi haimaanishi njia iko safi. Kinachotoa siri ni historia: alikuwa anakula nini, na kikohozi kilianza ghafla? Kama mfanyakazi wa nyumbani ndiye aliyekuwapo, muulize kwa upole. Akiogopa kugombezwa hatasema.

Hapa bomba la chuma la Killian hurudi kazini, kwa nusukaputi, kwa sababu mtoto hupumua kupitia bomba hilohilo huku koleo likifanya kazi ndani. Chevalier Jackson wa Philadelphia alitoa vitu zaidi ya 2,000 kwa njia hii, na mkusanyo wake umo katika Jumba la Makumbusho la Mütter mjini humo: pini, vifungo, sarafu, mifupa.

Pini zina habari yake. Wanawake wengi wanaovaa hijabu hubana pini midomoni huku mikono ikipanga mtandio. Ukicheka au ukiitika, pini imeenda. Majarida ya tiba ya Uturuki, Misri na nchi za Kiarabu yameandika visa vingi vya aina hii, hasa kwa wasichana. Pini huonekana kwenye eksirei. Nenda siku hiyohiyo, usile chochote, na usisubiri itoke yenyewe.

Kama mtoto amepaliwa sasa hivi na hawezi kukohoa wala kulia, usiingize kidole kutafuta usichokiona. Wa chini ya mwaka mmoja alazwe kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni mara 5, kisha abonyezwe katikati ya kifua mara 5, mkirudia mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nina maji kwenye mapafu. Yatanyonywaje, na mbona yanarudi?

Maji hayo huwa nje ya pafu, kati ya tando mbili zinazolizunguka. Sindano huingizwa kati ya mbavu kwa ganzi, na siku hizi inafaa ifanyike kwa ultrasaundi, kwa sababu kukisia kwa kugonga kifua peke yake huongeza nafasi ya kutoboa pafu. Kwa kawaida haivutwi zaidi ya lita moja na nusu kwa mkupuo. Pafu lililobanwa muda mrefu likitanuka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe. Ukisikia kifua kinabana au kikohozi kisichokoma wakati maji yanatoka, sema hapohapo.

Kujua chanzo ni kazi nyingine. Maji yenyewe ya TB mara nyingi hayana vimelea vya kutosha kuonekana, kwa hiyo maabara hupima kimeng'enya cha ADA, ambacho kikiwa juu mahali penye TB nyingi humpa daktari ujasiri wa kuanza dawa. Jibu lisipopatikana, kuna torakoskopi: tundu moja ubavuni, kamera ndani, na kinyama kinachochukuliwa kwenye utando huku daktari akikiona. Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm aliianza mwaka 1910, na kwa miongo kadhaa ilitumika zaidi kwa wagonjwa wa TB, kabla dawa hazijapatikana.

Maji ya saratani hurudi kwa sababu kisima hakijafungwa. Badala ya kuchomwa kila wiki, mgonjwa anaweza kunyunyiziwa unga wa talki ili tando mbili zigandane, au kuwekewa mpira mwembamba wa kudumu ambao ndugu hufundishwa kuufungua na kutoa maji nyumbani. Kwa mgonjwa anayeishi mbali na hospitali ya rufaa, huo mpira ni hadhi.

Usaha ni mkaidi zaidi, kwa sababu hujigawa vyumba vyumba. Utafiti wa Uingereza wa 2011 ulionyesha kwamba kuingiza dawa mbili kwa pamoja kupitia mpira wa kifuani, moja ya kuyeyusha mabonge na nyingine ya kulainisha usaha, husafisha kifua vizuri zaidi na kupunguza wanaohitaji upasuaji. Dawa hizo ni ghali na hazipatikani kila mahali.

Nakohoa damu nyingi, na TB niliimaliza miaka iliyopita.

Damu inayojaza kikombe ni dharura: lala ubavu ule unaoshukiwa kutoa damu ukiwa chini, na upelekwe hospitali sasa. Makovu ya TB huacha mishipa mikubwa na dhaifu, na wakati mwingine fangasi hujenga ndani ya pango lililobaki. Njia iliyowaokoa wengi wasipasuliwe ni kuziba mshipa: mrija huingizwa pajani kwenye ateri, ukaongozwa kwa eksirei hadi kwenye mshipa unaovuja, na chembechembe ndogo zikamwagwa kuuziba. Wafaransa ndio walioieleza kwanza, miaka ya 1970. Damu inaweza kurudi baada ya miezi au miaka, na kazi ikarudiwa.

Inahitaji daktari wa radiolojia aliyefundishwa kutibu kwa mrija na sindano. Tanzania ilianza kuwafundisha hapahapa, Muhimbili, kwa mpango uliozinduliwa 2018 kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wao ndio wanaofanya pia sindano za kuchukua vinyama kwa kuongozwa na picha.

Vali za mapafu zinaweza kuniondolea kukosa pumzi?

Zinamsaidia mtu wa aina moja. Ni yule ambaye moshi wa sigara au wa kuni umeharibu vifuko vya hewa, mpaka sehemu ya pafu imevimba hewa isiyotoka na kubana sehemu nzima. Vali hufanya kinyume cha vali ya tairi: huruhusu hewa kutoka na kuzuia kuingia, sehemu mbovu ikasinyaa na nzima ikapata nafasi. Huwekwa kwa bronkoskopi na zinaweza kutolewa. Marekani ilizipitisha 2018.

Masharti ni makali: sigara iwe imeachwa, na sehemu za pafu zisiwe zinapitishiana hewa. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hupata hewa kuvuja, kwa hiyo hulazwa siku kadhaa. Kwa pumu hazina kazi. Kwa mapafu yaliyojaa makovu ya TB, ambayo ndiyo tatizo la wengi wanaouliza swali hili kwetu, kwa kawaida hazisaidii; mazoezi ya kupumua na kutembea chini ya mtaalamu wa fiziotherapia huwapa zaidi.

Upasuaji wa matundu ni salama kama wa kupasua kifua chote?

Kwa saratani iliyokamatwa mapema, ndiyo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu nzima ya pafu hutolewa kupitia matundu, bila kutanua mbavu, na mgonjwa huumia kidogo na kupona haraka. Utafiti wa Japani wa 2022 ulionyesha zaidi: kwa uvimbe usiozidi sentimita 2, kutoa kipande kidogo cha pafu kulitosha, na wagonjwa waliishi vizuri kama waliotolewa sehemu kubwa. Mapafu yaliyogandana kwa TB ya zamani huwalazimisha wapasuaji kufungua kifua hata kama walianza kwa matundu. Hilo si kushindwa.

Nitapata wapi, na nitalipaje?

Bronkoskopi hufanywa katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, Kenyatta na Mulago, na katika baadhi ya hospitali binafsi. Piga simu kabla ya kupanda basi: kamera huharibika, na mtaalamu ni mmoja au wawili. Omba nakala ya picha zako za CT kwenye diski, si karatasi ya majibu tu. Kama una bima, iwe NHIF ya Tanzania au SHA iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya mwaka 2024, uliza kibali kabla ya siku ya kipimo, na uulize kama gharama ya patholojia imo. Mara nyingi ni bili tofauti, na kinyama kisicholipiwa hakisomwi.

Baada ya hapo nirudi hospitali lini? Naweza kupanda ndege, kuzamia?

Maumivu ya ghafla ya kifua, pumzi kuwa fupi, damu inayozidi kijiko, au homa inayopita siku moja: rudi, hata usiku.

Kama hewa ilivuja, usipande ndege mpaka eksirei ionyeshe pafu limetanuka kabisa, na wiki moja ipite juu yake. Kuzamia ni jambo jingine. Mvuvi wa Pemba au Mafia anayeshuka na mrija wa kompresa, ambaye pafu lake liliwahi kusinyaa lenyewe bila ajali, anatakiwa aache kushuka moja kwa moja, labda awe amefanyiwa upasuaji wa kuzuia lisirudi na mtaalamu amempima upya. Chini ya maji, hewa iliyonaswa hutanuka wakati wa kupanda, na kule hakuna wa kumwekea mpira.